Msumeno Uliokata Upande Mmoja

Wahenga walisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Historia ya Hofbräuhaus, kiwanda cha bia cha Munich nchini Ujerumani, imenilazimisha niutafakari upya usemi huo.

Tarehe 23 Aprili 1516, mjini Ingolstadt, Wilhelm IV na Ludwig X, ndugu wawili waliotawala Bavaria kwa pamoja, waliamuru bia itengenezwe kwa shayiri, hopsi na maji tu. Waliweka pia ukomo wa bei: takriban lita moja isizidi pfennig 1 majira ya baridi, na pfennig 2 majira ya joto. Ilikuwa sheria yenye sura ya huruma. Mnywaji alilindwa dhidi ya ulanguzi, na ngano, kwa maelezo yanayotolewa mara nyingi, iliachiwa waoka mikate.

Mwaka 1589 Wilhelm V alianzisha Hofbräuhaus ili kuepuka gharama za kuagiza bia kutoka Einbeck kwa ajili ya kasri lake. Hapo hapana ubaya. Hata hivyo, bia ya ngano, iliyokatazwa kwa raia, ilikwisha kuruhusiwa kwa ukoo mmoja wa makabaila, Degenberg. Ukoo huo ulipokosa mrithi mwaka 1602, Maximilian I, mwana wa Wilhelm V, aliitwaa haki hiyo. Mwaka 1607 akaanza kujenga kiwanda cha bia ya ngano pale Platzl, ulipo ukumbi maarufu wa Hofbräuhaus hadi leo. Ngano iliyokuwa haramu katika pipa la raia ikawa chemchemi ya mapato ya mtawala.

Mtetezi atasema fedha hizo zilijenga dola, na kwamba kiwanda bado ni mali ya serikali ya Bavaria. Ni kweli. Lakini ikiwa hoja ilikuwa mkate, mwenye njaa anafaidika nini akijua kwamba aliyeichukua ngano ni mtawala?

Baadaye Ujerumani iliitumia kanuni hiyohiyo ya usafi kuzuia bia za kigeni, ikitaja afya ya wananchi. Mwaka 1987 Mahakama ya Ulaya iliamua kwamba zuio hilo lilikiuka uhuru wa biashara.

Ndiyo maana huwaasa wanafunzi wangu wasiishie kwenye dibaji ya sheria, bali wakitafute kifungu cha misamaha. Dibaji hutueleza sheria inadai kumlinda nani. Misamaha hutuonyesha nani hataguswa.