Mlima wa Treni Ndogo Bado Unadai Plasta

Matterhorn, mlima wa mpakani mwa Uswisi na Italia, una urefu wa mita 4,478. Anayetaka kuujenga kwa kipimo cha H0, yaani 1 kwa 87, kinachopendwa na wajenzi wengi wa reli za mfano, atahitaji paa la zaidi ya mita 51. Miniatur Wunderland, jijini Hamburg, iliufupisha hadi karibu mita sita, na bado kilele kikapenya hadi ghorofa ya juu. Milima ya pale ni mbavu za mbao, wavu wa waya na plasta iliyochongwa kwa mkono.

Wajenzi wengi wa nyumbani siku hizi wamehamia kwenye povu gumu la plastiki: vibao vya waridi au buluu vinavyouzwa Marekani kwa ajili ya kuzuia baridi kupenya kuta, au lile jeupe la chengachenga linalokinga televisheni ndani ya boksi. Povu hukatwa kwa kisu na kugundishwa tabaka kwa tabaka, na jioni moja kilima kimesimama. Sifa yake kuu, wanasema, ni wepesi.

Wepesi huo umetiwa chumvi. Vibao hivyo vina uzito wa kilo 30 hivi kwa mita ya ujazo, kwa hiyo rundo la mita moja ya mraba lenye kimo cha sentimita 30 ni kilo tisa. Ganda la plasta la milimita tano linalofunika mita hiyohiyo ni kilo tano au sita. Ongeza mteremko na fremu, tofauti bado si ya kutisha.

Ganda hilo lilienezwa na Linn Westcott, mhariri wa jarida la Marekani la Model Railroader. Karatasi za kufutia mikono huchovywa kwenye uji wa plasta na kutandazwa juu ya magazeti yaliyofinyangwa. Plasta ikishika, magazeti huondolewa. (Gazeti la jana nalo lina kazi.)

Penye mwamba ndipo povu linaposhindwa waziwazi. Plasta humiminwa kwenye kalibu ya mpira, ikianza kuganda hubanwa mlimani na kushikiliwa hadi kiganja kihisi joto, kisha kalibu huvuliwa. Maji yaliyotiwa wino mweusi kidogo hunywewa na jiwe hilo na kutuama kwenye nyufa. Juu ya povu, rangi hukaa kama koti. John Allen wa Monterey, California, alipandisha milima ya plasta kutoka sakafuni hadi karibu na dari kwenye reli yake maarufu, Gorre & Daphetid. Moto uliiteketeza sehemu kubwa Januari 1973, siku chache baada ya kifo chake, lakini picha zake bado zinawafunza wajenzi.

Plasta ina kero zake: huchafua, hupasuka ikigongwa, na ikimeguka huonyesha weupe, ndiyo maana wazoefu huitia rangi ya unga kabla ya kuikoroga. Klabu inayobeba meza zake kwa gari kwenda maonyeshoni ina haki ya kuchagua povu, ila ichague gundi isiyoliyeyusha, na anayelikata kwa waya wa moto afungue madirisha, maana moshi wake ni sumu. Mwenye meza isiyohama atumie povu kwa vilima vya nyasi tu. Majabali ayaachie plasta.