Makomredi, itisheni ramani ya yuniti mapema

Wasee wa Kitui na Makueni mnaoripoti chuo, iwe ni Kwa Vonza, Machakos ama Nairobi, hii ni yenu.

Hakuna mtu hujenga nyumba bila ramani. Lakini digrii ya miaka minne tunaianza hivyo. Unapewa yuniti za semesta moja, za mbele utajua ukifika.

Alafu mwaka wa nne unaambiwa huwezi kuhitimu, kuna yuniti ya mwaka wa pili hukufanya. Na inafunzwa semesta moja tu kwa mwaka, kwa hivyo ngoja. Ama uliifanya lakini maksi zimepotea, na ni wewe unazungushwa ofisi kwa ofisi ukitafuta kitu hukupoteza.

Wanasema, "Wewe ni mtu mzima, jipange." Sawa, nijipange na nini kama orodha mmekalia?

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilinishinda. Nikauliza kama yuniti nilizopita zinaweza kuhesabiwa chuo kingine. Kila mlango ulinituma mlango mwingine. Na sheria iko! Ile ya 2014 iliyounda KNQA inasema wazi mamlaka hiyo isaidie mtu kuhama na masomo aliyofanya.

Mei 2023 serikali ikatangaza mfumo mpya wa ufadhili. Ukiomba, unaulizwa mpaka mapato ya nyumbani. Yaani wanajua hali ya mathe wako, lakini wewe hujui utasoma nini mwaka wa tatu?

Na semesta ya ziada si mchezo. Huku kwetu hiyo ni magunia ya ndengu, ni mbuzi, ni maembe ya msimu mzima. Mvua ikikosa, yuniti moja inakurudisha nyumbani bila digrii.

Hatuitishi makubwa. Siku ya kwanza, karatasi moja yenye muhuri wa idara: yuniti zote za miaka minne, zipi ni za lazima, zipi unachagua, ipi hutangulia ipi, na kila moja inafunzwa semesta gani.

Usipopewa, andikia idara barua na ubaki na nakala. Kila semesta, weka alama kwa yuniti uliyomaliza. Kadi ya mtihani usitupe, siku maksi zikipotea ndiyo shahidi wako.

Karo wanajua kuitisha mapema. Na sisi tuitishe ramani mapema.