Waridi Jeusi: Phil Lynott na Umiliki wa Mapokeo

Kila unapozuka mjadala kuhusu nani mwenyeji na nani mgeni katika ushairi, wahakiki wetu aghalabu huuliza alikozaliwa mtunzi kabla ya kuifungua diwani yake. Maisha ya Phil Lynott, mpiga gitaa la besi na mwimbaji wa bendi ya roki ya Thin Lizzy, yanaudhihirisha udhaifu wa mazoea hayo.

Lynott alizaliwa West Bromwich, Uingereza, tarehe 20 Agosti 1949. Mamake alikuwa mtu wa Ayalandi, babake mtu mweusi wa Guyana. Alilelewa na nyanya yake katika mtaa wa Crumlin, Dublin, zama ambazo mtoto mweusi alikuwa kioja mjini humo. Alianza kwa kuimba tu. Alipoachishwa katika bendi ya Skid Row mwaka 1969, kiongozi wake, Brush Shiels, alimfunza kupiga besi, kana kwamba anamfidia. Kabla ya mwaka huo kwisha, Thin Lizzy ilikuwa imeundwa.

Wimbo ulioipatia bendi hiyo umaarufu wa kwanza haukuwa utunzi mpya. Ulikuwa wimbo wa jadi wa Ayalandi unaosimulia habari za mnyang'anyi wa njiani, 'Whiskey in the Jar', nao uliingia katika kumi bora za Uingereza mwaka 1973. Mwanafunzi wa fasihi simulizi hatakawia kung'amua kilichotendeka: utungo uliorithiwa kwa mdomo ulipewa ala mpya na hadhira mpya, ukaendelea kuishi. (Wanaoshikilia kwamba vipaza sauti huiua fasihi simulizi wangefanya vyema kuusikiliza.)

Mwaka 1974 Lynott alichapisha diwani yake ya kwanza, Songs for While I'm Away. Mwaka uo huo ndipo kilipotoka Kichomi cha Euphrase Kezilahabi, na baadhi ya wanamapokeo wakalishutumu shairi huru kwa kuwa ni jambo la kuigwa Ulaya. Watunzi hawa wawili hawalingani. Kezilahabi aliipa arudhi kisogo; Lynott aliyakumbatia mapokeo ya Ayalandi kwa mikono miwili. Hata hivyo kazi zao zote mbili zinatatiza kipimo kimoja, kile cha kutenga cha ndani na cha nje.

Ithibati kubwa ni albamu ya mwaka 1979, Black Rose. Wimbo wake wa mwisho, alioutunga pamoja na Gary Moore, umejengwa juu ya 'Róisín Dubh', utungo wa kale wa Kiayalandi ambamo nchi husawiriwa kama waridi jeusi. Ndani yake mna vipande vya nyimbo za jadi vinavyopigwa kwa gitaa za umeme, na waandishi kama Joyce na Yeats wanatajwa kwa majina. Ishara ya weusi iliyokuwa ya taifa zima ikaja kutamkwa na kinywa cha mtu mweusi wa Dublin. Mwenyeji gani angeitia ishara hiyo maana zaidi?

Lynott alifariki tarehe 4 Januari 1986, akiwa na umri wa miaka 36, mwili ukiwa umedhoofishwa na heroini. Mashabiki wake sugu husimulia kifo hicho kuliko wanavyozisoma tungo zake, na hilo ni dhuluma ya pili. Mwaka 2005 sanamu yake ilisimamishwa katika barabara ya Harry, Dublin, gitaa la besi likiwa kando yake.