Kabla hamjatuzika sisi wa Education

Najua mnasubiri habari za boom, lakini leo nina jambo jingine.

Hapa hosteli kuna wimbo mmoja siku hizi: eti sisi wa Education tumekwisha, kompyuta itafundisha na kusahihisha yenyewe. Wanaouimba zaidi ni jamaa zetu wanaosoma kompyuta. Mimi nawaambia wakamsome kwanza Ofer Lahav, mwanakosmolojia wa University College London.

Mwaka 1995 yeye na wenzake walichapisha kwenye jarida la Science kazi ya kuifundisha kompyuta kupanga galaksi kwa maumbo yake. Mwaka 1995 jamani, wengi wetu hatujazaliwa! Lakini kilichonikamata si kompyuta. Waliwapa mabingwa sita picha za galaksi 831, kila mmoja azipange kivyake, na mabingwa wale hawakukubaliana kikamilifu. Watu waliozeekea kwenye darubini! Tofauti yao ndiyo ikawa kipimo: kompyuta ilionekana kupishana na bingwa karibu sawa na bingwa anavyopishana na mwenzake.

Sasa njoo kwetu. Wakati wa BTP niliona insha moja ya Form Three ikipewa 14 juu ya 20 na mwalimu mmoja, na 9 na mwingine. Hakuna aliyeshtuka, achilia mbali kupima.

Naomba nieleweke, sipingi mashine. Mwaka 2004 Lahav na Adrian Collister walitoa ANNz, programu inayokadiria umbali wa galaksi kutokana na rangi zake. Ilihitajika kweli. Mradi wa Dark Energy Survey, ambao Lahav alikuwa miongoni mwa viongozi wake wa sayansi, ulipiga picha usiku 758 kule Chile, kuanzia 2013 hadi 2019, ukanasa mamia ya mamilioni ya galaksi. Mabingwa sita wangefia humo. Ila hata ANNz huanza na mwalimu: hupewa kwanza galaksi ambazo umbali wake umeshapimwa kwa njia ndefu, kwa kuchambua mwanga wake.

Kwa hiyo jamaa akija na programu ya kusahihisha insha za Form Four, mimi nina maswali mawili tu. Imefundishwa na walimu gani? Na hao walimu walipishana kwa kiasi gani? Akijibu, namkaribisha staff room, na chai nanunua mimi.