Kazi ya Kutoa na Kazi ya Kushika

Kila ifikapo Oktoba, minada ya korosho hufunguliwa Newala, juu ya Uwanda wa Makonde, na Masasi iliyo chini yake. Magunia huteremka kwenda bandari ya Mtwara, na sehemu kubwa huondoka ikiwa ghafi, ikabanguliwe India na Vietnam. Maana yake ni kwamba tumewakodi watu wa mbali watufanyie kazi, na ujira wao ni faida tunayowaachia.

Ndugu zetu wa Visiwani hawana haja ya kuelezwa sana. Kule Pemba hata makonyo ya karafuu hayatupwi. Hutolewa mafuta katika kiwanda cha Wawi. Sisi huku tunasafirisha korosho pamoja na ganda lake, ilhali kilo nne za ghafi hutoa takriban kilo moja tu ya korosho karanga!

Si kwamba hatukujaribu. Katika miaka ya 1970 Serikali ilijenga viwanda vikubwa vya kubangulia, vya Masasi na Newala vikiwamo. Lakini mavuno ya nchi, yaliyofikia tani 145,000 hivi msimu wa 1973/74, yaliporomoka hadi chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87, kwa sababu ya ubwiriunga, bei duni, na wakulima kuhamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao. Wako wanaosema hiyo ni dalili kwamba ubanguaji hatuuwezi. Hoja hiyo ni dhaifu. Kiwanda kilichokosa korosho hakikushindwa kubangua.

Leo mzigo huu umo mikononi mwa vikundi na wenye viwanda vidogo, na shida yao ni mtaji. Ghafi huuzwa kwa miezi michache, nao wanaihitaji mwaka mzima. Kwa hiyo hushawishika kushika moja ya njia mbili: kubangua korosho za tajiri kwa ujira, au kuwagawia akina mama korosho wakabangue majumbani na kulipwa kwa kilo.

Njia ya kwanza hatuipingi, mradi mkataba useme nani atabeba hasara ya zilizovunjika, maana nzima ndizo zenye bei. Ya pili tunaipinga waziwazi. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi. Kiwandani hapana budi kuwe na mvuke, glavu na msimamizi. Nyumbani kuna majivu ya kupaka mikononi, na mtoto ameketi kando ya mamaye. Hesabu inayoonyesha kwamba njia hiyo ni nafuu haikuitia mikono ya mama huyo. Hiyo ni dhuluma, hata ikiandikwa vizuri daftarini.

Magari, magunia, hata ukaguzi wa hesabu, wapewe wengine. Kupanga madaraja kusitoke kiwandani kabisa, kwa kuwa anayekupangia madaraja ndiye anayekupangia bei.

Kwa wakuu wa Serikali na wa vyama vya ushirika, TANECU na MAMCU, tuna ombi moja. Utaratibu wa stakabadhi ghalani ulianza katika korosho mwaka 2007. Basi korosho iliyomo ghalani ikubaliwe na benki kuwa dhamana ya kikundi cha wabanguaji, kichukue magunia kidogo kidogo na kulipa kadiri kinavyouza. Maombi yapokelewe kabla ya mnada wa kwanza, si baada ya meli kung'oa nanga.