Mwanao Kachaguliwa Kusomea Uuguzi? Achanjwe Kabla ya Kuingia Wodini

Leo tunaweka kando uji na homa za watoto. Vijana wakianza kuripoti vyuoni, wazazi wengi huniuliza swali moja: "Nesi, binti yangu kapata uuguzi, tumnunulie nini?" Wengine watoto wao wamepata udaktari, maabara, famasia. Orodha zenyewe mnazijua: sare, saa ya mshale, viatu vyeusi, kipimo cha presha. Chanjo haitajwi na mtu.

Niseme msimamo wangu mapema. Mwanafunzi wa afya, awe wa chuo kikuu au chuo cha kati, asishike sindano wala nguo yenye damu kabla hajaanza chanjo ya homa ya ini B. Na kazi ya kuhakikisha hilo iwe ya chuo, mzazi asiachiwe ahangaike peke yake.

*1. Kwa nini homa ya ini B?*

Sote tunaogopa VVU, na ni haki. Lakini angalia hesabu hii. Mtu akichomwa na sindano yenye damu ya mwenye VVU, uwezekano wa kuambukizwa ni kama 3 kwa kila 1,000. Kwa homa ya ini B, kama hana kinga, ni kati ya 6 na 30 kwa kila 100, kutegemea wingi wa virusi kwa mgonjwa. Halafu kirusi hiki ni kigumu kufa: kinaweza kukaa hai siku 7 nje ya mwili, hata kwenye tone lililokauka mezani.

Watu wazima wengi wakiambukizwa, mwili huushinda ugonjwa. Ila wapo wanaobaki nao maisha yote, na hao ndio walio kwenye hatari ya ini kusinyaa au saratani ya ini. Dawa za kuudhibiti zipo. Dawa ya kuufuta kabisa kwa uhakika bado.

Sasa nani anachomwa kirahisi wodini? Yule ambaye mkono wake haujazoea. Anatetemeka akitafuta mshipa, anajaribu kurudishia kifuniko cha sindano (msifanye hivyo jamani!), anatumwa kuosha vifaa vya leba. Huyo ni mwanafunzi.

*2. Hesabu ya miezi*

Chanjo hii kwa mtu mzima ni dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi 1, ya tatu mwezi wa 6. Kwa hiyo ukisubiri wiki ya kwenda mazoezini, umeshachelewa. Akianza siku anapopata barua ya chuo, ataingia wodini na dozi mbili mwilini, ya tatu akaimalizie huko huko.

Kuna kitu kingine kinasahaulika. Mwezi mmoja au miwili baada ya dozi ya tatu, apimwe kama mwili umejenga kinga. Watu wachache hawajengi, na ni heri ajijue mapema kuliko ajue siku amechomwa.

*3. Kadi ya kliniki unaitunza?*

Hapa ndipo na wewe mama wa mtoto mdogo unapoingia. Tanzania ilianza kuwapa watoto wachanga chanjo ya homa ya ini B mwaka 2002, ikiwa pamoja na ile ya dondakoo, kifaduro na pepopunda. Tangu 2009 iko ndani ya Penta, ile ya wiki ya 6, 10 na 14. Maana yake vijana wengi wanaoingia chuo sasa hivi walichanjwa wakiwa wachanga. Ukiwauliza ushahidi uko wapi, kimya. Kadi ilipotea wakati wa kuhama, au ililowa mvua, au ilibaki kwa bibi.

Mwenye kadi kazi yake ni nyepesi: anapimwa kinga, na ikionekana imeshuka anaongezewa dozi moja. Asiye na kadi anaanza upya dozi zote, na hela zinatoka upya. Mama, kadi hiyo haiishi kazi mtoto akitimiza miaka mitano. Iweke pamoja na cheti cha kuzaliwa. Ipige na picha.

*4. Mwanafunzi naye anaweza kumletea mgonjwa ugonjwa*

Tunazungumza kama hatari iko upande wa mwanafunzi peke yake. Hapana. Chanjo ya kwanza ya surua mtoto anapata akiwa na miezi 9. Kichanga wako wa miezi minne aliyelazwa kwa nimonia hana hiyo kinga. Mwanafunzi mwenye surua inayoanza, hata vipele havijatoka, akiingia wodi ya watoto, virusi vinaweza kubaki hewani hadi saa mbili baada ya yeye kutoka. Rubela nayo ni hivyo hivyo: kwa kijana ni vipele na homa ya siku chache, lakini kwa mjamzito wa miezi ya mwanzo inaweza kuharibu mimba au kumzalisha mtoto mwenye matatizo ya moyo, macho au masikio. Na wanafunzi tunawapeleka kliniki ya wajawazito kila siku.

Kwa hiyo anayesema "chanjo ni hiari yake, mwili ni wake" namwelewa akiwa nyumbani kwake. Kwenye kitanda cha mwanao, hiari hiyo inamgusa mtu mwingine ambaye hakuulizwa.

*5. "Nesi, na asiye na hela?"*

Hili ndilo swali la maana kuliko yote, na ndiyo sababu nasema chuo. Mwanafunzi yuko katikati: hospitali inasema huyu si mwajiriwa wetu, chuo kinasema wodi si yetu. Mwisho wa siku mzigo unamwangukia mama anayeuza mboga ili alipe ada.

Marekani mwaka 1991 waliweka sheria kwamba mwajiri awape chanjo hii bure wafanyakazi wanaogusa damu. Makadirio yao ni kwamba wahudumu wa afya walioambukizwa walikuwa kama 17,000 mwaka 1983, wakabaki kama 400 mwaka 1995. Glovu na masanduku ya sindano yalichangia pia, lakini chanjo ilibeba sehemu kubwa. Ila hata sheria ile inamtaja mwajiriwa, haimtaji mwanafunzi. Sisi tusirudie pengo hilo. Masharti bila chanjo yenyewe ni kumfungia mlango mtoto wa maskini. Chuo kilete chanjo, mtaalamu aje kuchoma pale pale wiki ya usajili, gharama ijulikane kabla.

Na akipimwa akakutwa tayari anao ugonjwa? ASIFUKUZWE. Siri yake itunzwe, aanze kliniki, apewe ushauri wa kazi zipi azifanye kwa uangalifu zaidi. Tukianza kuwafukuza, wengine watakimbia kipimo, na hapo hatumlindi mtu yeyote.

*Ya kufanya wiki hii*

Mwenye kijana anayesubiri chuo: tafuta kadi yake leo. Soma maelekezo ya kujiunga. Kama chanjo haijaandikwa, piga simu chuoni uulize. Mwambie pia kwamba akichomwa na sindano asikamue. Aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka, kisha amwambie msimamizi saa hiyo hiyo, maana dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze mapema na zisizidi saa 72. Aibu ya kugombezwa inaisha jioni.

Mwenye mtoto mdogo: kadi, kadi, kadi.

Na wewe mwalimu wa chuo unayenisoma, usitupelekee wodini kijana mwenye sare mpya iliyonyooshwa na mwili usio na kinga. Tutampokea kwa upendo, lakini upendo wetu hauzuii homa ya ini.

Sehemu ijayo: sindano ya pepopunda kwa mjamzito, na kwa nini dozi ya mimba ya kwanza haitoshi.