Hisa Si Bahati Nasibu: Kwa Nini Siuzi Safaricom Yangu



Nimekaa kimya siku nyingi nikisikiliza vita hii ya Safaricom. Leo nimeona kunyamaza ni kukubali, nami sikubali. Kila tukikutana hapa Uingereza, iwe harusini au matangani, lazima atokee mmoja aseme kwamba ile kampuni ni mradi wa wakubwa, kwamba sisi tulionunua hisa mwaka 2008 tuliingizwa mjini, na kwamba anayezishikilia hadi leo ama ni mjinga ama ni kibaraka wa serikali. Mimi ni mmoja wa hao wajinga. Basi nipeni nafasi nijitetee.

Nianze na yaliyonifikisha hapa. Disemba 2025 serikali ya Kenya ilitangaza kwamba itaiuzia Vodacom asilimia 15 ya Safaricom kwa shilingi 34 kila hisa, jumla kiasi cha shilingi bilioni 204. Siku hiyo hiyo shemeji yangu alinipigia simu kutoka Mombasa. Hata hali hakunijulia. Akasema, "Shemeji, wenye nchi wanauza, wewe unangoja nini? Au unangoja uuziwe na wewe?" Nikacheka, lakini moyoni niliumia, kwa sababu mimi na shemeji tuna historia na hisa hizi, na historia yenyewe si nzuri.

Wengi mtakumbuka mwaka 2008 ulivyoanza. Nchi ilikuwa imetoka kuchomeka. Watu zaidi ya elfu moja walikuwa wameuawa baada ya uchaguzi, mkataba wa Kibaki na Raila ulitiwa saini tarehe 28 Februari, na mwezi mmoja baadaye, tarehe 28 Machi, hisa za Safaricom zikafunguliwa kwa umma. Hisa bilioni 10, robo ya kampuni, kwa shilingi 5 kila moja. Upande wa ODM ulipinga, wakiuliza swali la haki kabisa: hii Mobitelea yenye fungu ndani ya Vodafone Kenya ni ya nani? Swali hilo halikupata jibu la kuridhisha, lakini foleni zilijaa. Kwa mara ya kwanza mwenye duka, mwalimu, dereva wa matatu na mama muuza samaki walikuwa wanazungumza lugha moja.

Mimi nilikuwa huku, nafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya wazee. Nilikuwa na akiba ya shilingi laki moja, nikaomba hisa 20,000. Shemeji hakuwa na akiba, nami nikamwambia, Mungu anisamehe, "Kakope benki, zikianza kuuzwa sokoni utalipa deni na chenji ibaki." Akakopa laki mbili.

Maombi yalizidi hisa zilizokuwepo zaidi ya mara tano. Mimi nikapata hisa 4,200 na shemeji 8,400. Pesa iliyobaki ilirudishwa baada ya wiki kadhaa, na wiki zote hizo benki ilikuwa inamhesabia riba ya laki mbili nzima. Tarehe 9 Juni hisa zikaanza kuuzwa Soko la Hisa la Nairobi, bei ikapita shilingi 7, tukashangilia kama tumeshinda kombe. Kisha ikaja misukosuko ya fedha ya dunia nzima, bei ikateremka, ikateremka, hata mwanzoni mwa 2009 ikawa chini ya shilingi 3. Shemeji akauza kwa hasara amalizie deni. Tangu siku hiyo Safaricom kwake ni tusi.

Sasa hebu tuulizane kwa utulivu. Shemeji aliangushwa na nini? Kampuni ilifilisika? Watu waliacha kupiga simu? M-Pesa, iliyoanza Machi 2007, ilikuwa ndiyo kwanza inashika kasi. Kilichomwangusha ni deni. Mwenye deni hana uhuru wa kungoja, na hisa bila kungoja ni kamari tu. Kosa hilo lilikuwa la ushauri wangu, na nimemwomba radhi. Hisa yenyewe haikumkosea.

Mimi sikuwa na deni. Bei ilipokuwa chini ya shilingi 3 niliongeza hisa 10,000 kwa ile pesa iliyorudishwa. Sikuwa na ujuzi wowote wa ajabu. Nilijiuliza swali moja tu: je, mama yangu Kisauni ataacha kununua kredito kwa sababu bei ya hisa imeshuka Nairobi? Jibu lilikuwa la. Basi hisa 14,200 zimenigharimu kiasi cha shilingi elfu hamsini. Gawio la miaka ya fedha ya 2023, 2024 na 2025 lilikuwa shilingi 1.20 kwa hisa kila mwaka. Pigeni hesabu wenyewe: ni kama shilingi elfu kumi na saba kwa mwaka kabla ya kodi, theluthi ya mtaji wangu wote, na hisa bado ninazo. Hata yule aliyenunua kwa shilingi 5 na hakuongeza kitu, magawio aliyokwisha kupokea yamezidi mara mbili ya alichotoa.

Lakini sitaki kuwa kama dalali anayesifu ng'ombe bila kumtaja kwato. Wakosoaji wana hoja, na nyingine zina uzito. Nizichukue moja moja.

Kwanza, shilingi. Sisi wa nje tunatuma pauni, dola, riyali na dirhamu. Wakati wa mauzo ya 2008 dola moja ilikuwa kama shilingi 62, kwa hiyo hisa ya shilingi 5 ilikuwa senti 8 za dola. Januari 2024 dola ilifika kiasi cha shilingi 160 na hisa ilikuwa shilingi 13 na kitu. Gawanya, utapata senti 8 na kidogo. Miaka karibu 16, na kwa hesabu ya dola bei ilikuwa pale pale! Mwishoni mwa 2025 mambo yalikuwa nafuu, senti ishirini na kitu, lakini ukweli ni ukweli. Anayesema hisa hii ilimtajirisha kila mtu wa nje anadanganya. Kilichotuokoa ni gawio na subira.

Pili, Ethiopia. Mwaka 2021 muungano ulioongozwa na Safaricom ulilipa dola milioni 850 kwa leseni ya nchi ile, wakati vita vya Tigray vinaendelea. Bei ya hisa, iliyokuwa imepita shilingi 40 mwaka huo huo, ikaporomoka hadi chini ya 15. Gawio likapungua kutoka shilingi 1.39 hadi 1.20. Julai 2024 birr ikaachiwa ielee, ikapoteza thamani kwa kasi. Hiyo ni hasara halisi na tumeibeba sisi. Hata hivyo najiuliza: kampuni iliyokwisha kuijaza Kenya ingefanya nini? Ikae ikikamua ng'ombe yule yule mpaka akauke? Nchi yenye watu zaidi ya milioni mia moja, iliyokuwa na mtandao mmoja tu wa simu wakati huo, ilikuwa shamba ambalo mkulima yeyote angelitamani. Kama walilipa bei kubwa mno, tutajua mbele. Kulima shamba jipya si wizi.

Tatu, na hii ndiyo nzito. Baada ya maandamano ya vijana ya Juni 2024, wengi waliituhumu kampuni kwamba huwapa polisi taarifa za wateja, wakatoa wito isusiwe. Kampuni ilikanusha, ikasema hutoa taarifa kwa amri ya mahakama tu. Mimi siwezi kuapa upande wowote. Ninachojua ni kwamba vijana walikufa na wengine walichukuliwa, na mzazi aliyepoteza mtoto ana haki ya kuuliza kila mlango. Hapa wakosoaji huniambia, "Uza, uoshe mikono." Nami nawajibu: nikiuza, nani ataninunua? Atakuja mfuko fulani wa fedha wa ng'ambo usiojua hata jina la mtoto mmoja. Mwenye hisa, hata awe na hisa mia, ana haki ya kuuliza swali kwenye mkutano wa mwaka. Tangu 2020 mikutano hiyo imekuwa ikifanyika kwa njia ya mtandao, kwa hiyo hata aliye Muscat au Minnesota hana kisingizio. Wangapi kati yetu wamewahi kutuma swali? Tunalalamika mezani penye biriani, na siku ya kupiga kura ya wenye mali tumelala.

Sasa nirudi kwa yale mauzo ya Vodacom. Msinielewe vibaya, kuitetea hisa si kuitetea serikali. Zile shilingi 34 zilikuwa kwa hisa za serikali, si kwa hisa za Asha wala za Kamau, na wakati huo sokoni tulikuwa chini ya 30. Serikali kushuka kutoka asilimia 35 hadi 20, na Vodacom kupanda hadi 55, maana yake ni kwamba usukani utashikwa na mwenye wingi aliye nje ya nchi. Hilo linanikera kama linavyowakera nyinyi. Lakini oneni ajabu yake: wale wanaolia kwamba mali ya Mkenya inauzwa ndio hao hao wanaotucheka sisi wadogo kwa kukataa kuuza. Sasa tushike lipi? Kama mali ya taifa ni muhimu ibaki mikononi mwa wananchi, basi mwananchi ni nani kama si mwenye hisa 2,000 kule Gongoni au Gatundu?

Nimalizie na la nyumbani. Gawio likiingia, mara mbili kwa mwaka, namtumia mama. Ndiyo dawa zake za presha. Yeye huziita hisa hizo "zile simu zetu". Mwaka jana shemeji alimwambia mbele yangu kwamba simu zenyewe ni za wazungu. Mama akamjibu, "Mwanangu, ya wazungu mbona huniletea unga?" Shemeji akanyamaza. Mimi pia nilinyamaza, maana nilikumbuka kwamba yeye alikuwa na mara mbili ya zangu, na nisingemtuma benki, leo mama yake pia angekuwa na lake.

Kwa hiyo ushauri wangu si kwamba mkanunue Safaricom. Nilishatoa ushauri mara moja na nimelipia. Nasema hivi tu: usinunue hisa kwa pesa ya kukopa, usiitukane hisa kwa kosa la deni lako, na ukishakuwa mwenye mali, kaa kama mwenye mali. Uliza, piga kura, kemea panapostahili kukemewa. Mwenye nyumba haihami kwa sababu bati linavuja.

Mimi nimesema yangu. Mwenye hoja alete hoja, mwenye matusi ayaweke akiba.